Saa ya Kuona Wagonjwa

Mama Pacha alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kila asubuhi mashuka machafu yaliletwa kwa toroli kutoka wodini. Yalifuliwa, yakakaushwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa, yakarudishwa. Chumba kilikuwa na joto mwaka mzima na sakafu haikukauka. Wanawake wanne walifanya kazi humo, na wote walikuwa na cheo kimoja. Nasisitiza hilo kwa sababu mmoja wao hakulikubali.

Huyo walimpa jina la Jemedari. Hawakumwita hivyo mbele yake. Mbele yake alikuwa "dada". Alikuwa mzoefu kuliko wenzake. Mashine kubwa ikigoma, yeye ndiye aliyejua kuiamsha. Doa lililowashinda wengine, yeye alilitoa. Hilo nampa, ni haki yake. Lakini alitaka pia kujua nani amekwenda chooni na kwa nini hajarudi. Aliamua nani asimame karibu na dirisha na nani apate mvuke wa pasi usoni. Ukikunja shuka alilikunjua, akalikunja upya, kisha akaliweka vilevile ulivyokuwa umelikunja wewe.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika ncha huku na mwingine kule, halafu husogeleana mpaka ncha zikutane. Jemedari hakusogea. Alisimama palepale, na mwenzake ndiye aliyekwenda na kurudi kutwa nzima. Mwenzake alikuwa Mama Pacha.

"Haraka, Mama Pacha. Unatembea kama bibi harusi."

"Sawa, dada."

Msimamizi alikuwapo. Alikuwa na ofisi yake ndogo nyuma ya stoo ya sabuni. Lakini aliona kazi inakwenda bila yeye kunyanyuka kitini, basi akamwachia Jemedari usukani. Wasimamizi wa aina hiyo ni wengi, na wakiulizwa husema hawajapata malalamiko.

Mwaka huo baba yake Mama Pacha alipata kiharusi. Alilazwa hospitali hiyohiyo, katika wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala, lakini ulimi ulikuwa mzima. Wagonjwa walionwa saa moja tu kwa siku, mchana. Na mchana ndipo Mama Pacha alipokuwa na mapumziko yake ya kazi. Ilikuwa ni kuvuka ua na kupanda ngazi, basi.

Siku ya kwanza alivua aproni.

"Unakwenda wapi?" Jemedari akauliza.

"Dada, naomba nitoke kidogo. Nina mgonjwa wangu wodini."

"Kila mtu ana mgonjwa. Mashuka ya chumba cha upasuaji hayajaisha. Vaa aproni yako."

Akaivaa.

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo. Mapumziko yalikuwa ya Mama Pacha. Aliyeweza kuyagusa ni msimamizi peke yake, naye hakuyagusa. Lakini Mama Pacha alikwenda kuomba ruhusa kwa mtu asiye na ruhusa ya kutoa. Alikuwa ameshasema "sawa, dada" kwa miaka, kwa mambo madogomadogo, mpaka siku ya jambo kubwa hakuwa na neno jingine mdomoni.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Muuguzi wa wodi ya wanaume alikuja kuchukua mashuka safi, akamwona.

"Mama Pacha, mzee anakuulizia. Anasema ana neno na wewe."

"Mwambie nakuja."

Hakwenda. Aliyekwenda ni mumewe, Fundi Baiskeli. Yeye alifunga kibanda chake kila mchana na kumpelekea mkwe wake chakula.

"Baba anaendeleaje?" Mama Pacha alimuuliza jioni.

"Amekula kidogo. Nimemwambia, baba, nieleze mimi, nitamfikishia. Akasema, hapana mkwe wangu, hili si la kupitia kwako. Nataka binti yangu."

"Hakukudokeza ni la nini?"

"Angenidokeza ningekuficha? Mke wangu, uko pale pale hospitali. Unashindwa nini?"

Mmoja wa pacha, wasichana wa darasa la tatu, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Mama, kwani hospitali yako iko mbali na ya babu?"

Mama Pacha alimfokea akaoshe vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Siku hizo alikuwa akifoka sana nyumbani. Yote aliyoyameza kazini aliyatapika kwa watoto ambao hawakumkosea kitu.

Jumamosi, baada ya siku nyingine kama hizo, uvumilivu ulimwisha. Jemedari alipomwambia avae aproni, aliitupa chini.

"Wewe si bosi wangu," akasema kwa sauti kubwa. "Unajifanya chumba hiki ulijengewa na baba yako. Tumekuchoka, wote tumekuchoka."

Wenzao wawili wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Jemedari aliwaona. Basi akawaka. Alipiga kelele mpaka wasukuma toroli wakasimama mlangoni kutazama. Halafu akawahi ofisini, akashtaki yeye kwanza. Msimamizi akamwita Mama Pacha na kumwambia apunguze mdomo. Alipotoka humo, saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha. Wale wenzake wawili, waliokuwa wakimteta Jemedari kila siku kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hawakusema hata neno moja la kumtetea.

Jumapili nayo ilikuwa ya kazi, na jioni alipofika nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa Fundi Baiskeli. Huyu alikuwa nyapara wa waashi. Alisimamia wanaume waliojenga maghorofa, na akiita mtu chini, wa juu kabisa anasikia. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wifi," akasema, "huyo Jemedari wenu namjua."

"Umemwona wapi?"

"Kwenye kioo."

Fundi Baiskeli akacheka. "Hapo amesema kweli. Nimekua naye huyu."

"Wewe nyamaza, sijakuuliza."

"Mnaona wenyewe," akasema Fundi.

"Sikiliza, wifi," yule nyapara akaendelea. "Mimi nina cheo cha kuamrisha, lakini hata nisingekuwa nacho ningeamrisha. Ndivyo nilivyo. Mtu wa aina yetu akiona pengo analijaza. Wewe ukisema 'naomba', mimi nasikia kwamba uamuzi ni wangu. Kwa hiyo naamua."

"Sasa nikae kimya?"

"Umekaa kimya miaka. Umepata nini?"

"Na nilipopiga kelele?"

"Ulipopiga kelele ulinipa ninachokiweza. Kwa kelele hunishindi. Tena ulinisema mbele ya watu, na watu wakacheka. Hapo siwezi kurudi nyuma, hata kama nimekosa, maana ninalinda uso wangu. Ungenipata peke yangu, asubuhi, kabla kazi haijaanza, ningekusikia."

"Ningekuambia nini?"

"Usiniambie mimi ni mtu wa namna gani. Mambo ya 'unajifanya', 'tumekuchoka', hayo ni matusi, nitayajibu. Niambie utakachofanya. Mchana nakwenda wodini, ni mapumziko yangu, nikirudi namalizia kazi yangu. Basi. Usiombe radhi, usijieleze mara tatu. Nikibisha, rudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Inaudhi sana, wifi. Lakini sina pa kushika."

"Akisema atanishtaki?"

"Mwambie twende pamoja. Tusizungukane. Na kama kuna kitu anakijua kuliko wewe, mkubalie. Mtu anayepewa haki yake hana haja ya kunyang'anya ya mwenzake. Si wote, lakini wengi."

"Wewe ulifundishwa lini haya?"

"Kuna fundi wangu mmoja alinifanyia hivyo. Nilimchukia wiki nzima. Sasa ndiye ninayemwachia kazi nikiumwa."

Jumatatu Mama Pacha alifika mapema. Jemedari alikuwa peke yake, anajaza maji mashine.

"Dada, nina neno. Juzi nilikosea kukusema mbele ya watu. Leo mchana nakwenda kumwona mgonjwa wangu. Ni mapumziko yangu. Nikirudi nitamalizia fungu langu."

"Na mashuka ya upasuaji?"

"Nitaanza nayo sasa hivi. Wewe ndiye unayejua yapi yanatakiwa mapema. Nionyeshe."

"Nimesema hakuna kutoka."

"Nimekusikia, dada. Mchana nakwenda kumwona mgonjwa wangu."

"Nitamwambia msimamizi."

"Sawa. Twende pamoja."

Jemedari hakutegemea hilo. Wakaenda. Msimamizi aliweka kikombe chake cha chai mezani, akamtazama huyu, akamtazama yule. Mama Pacha hakushtaki, hakulia. Aliuliza tu kama mapumziko ya mchana ni yake au si yake.

"Ni yako," msimamizi akasema. "Mapumziko ni ya kila mtu."

Maneno mepesi hayo. Alikuwa nayo wiki nzima kwenye droo ya meza yake, hakuona sababu ya kuyatoa.

Mchana Mama Pacha alivuka ua. Alipanda ngazi mbilimbili, mwanamke mzima, huku amebeba chungwa. Muuguzi alimpokea mlangoni, akamshika mkono.

"Pole. Kiharusi kimempiga tena alfajiri. Anakusikia, lakini maneno hayatoki."

Baba alimwona. Macho yake yakamfuata mpaka alipokaa. Mdomo ulifunguka upande mmoja, ikatoka sauti, lakini haikuwa neno. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingi, mpaka jasho likamtoka, na Mama Pacha akamwomba apumzike. Alimshika ule mkono wenye nguvu. Alimwambia habari za pacha na habari za baiskeli. Hakumwambia ni kwa nini hakuja wiki nzima. Angemwambiaje?

Tangu siku hiyo alikwenda kila mchana na hakuna aliyemzuia. Mzee hakumaliza mwezi. Neno lake aliondoka nalo, na mpaka leo Mama Pacha hajui lilikuwa baraka, au onyo, au jambo dogo tu la nyumbani.

Najua hadithi za namna hii hupenda kumaliza kwa furaha, na faida zilikuwapo, sizikatai. Wale wenzao wawili nao walianza kutoka mchana. Mama Pacha alimwambia Jemedari kwamba wakikunja mashuka wasogee wote wawili, na Jemedari akasogea, kwa kununa, lakini akasogea. Msimamizi alianza kupita chumbani mara moja moja. Pacha hawakufokewa tena bila kosa. Haya yote yalipatikana kwa maneno machache yaliyosemwa kwa utulivu asubuhi. Yangesemwa Jumatatu ya kabla yake, yangeleta na lile moja kubwa, neno la mzee. Wewe unayesoma, kama una mtu wa namna hiyo kazini, usingoje mpaka upate mgonjwa.

Siku Mama Pacha aliporudi kazini baada ya mazishi, Jemedari alimfuata kwenye kona ya pasi.

"Pole, Mama Pacha. Kumbe alikuwa baba yako. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nina mgonjwa. Ukaniambia kila mtu ana mgonjwa."

Jemedari alishika pindo la aproni yake, akalinyoosha, akalinyoosha tena. Mashine zilikuwa zinanguruma na hakuna mwingine aliyesikia.

"Basi leo usifanye kazi," akasema hatimaye. "Nenda kakae nje. Nimekuruhusu."

Mama Pacha alimtazama. Hasira haikuwapo tena, wala hamu ya kumkomesha. Uchungu ulikuwapo, na huo haukuwa na dawa kwenye chumba kile.

"Ahsante, dada. Mapumziko yangu ni mchana."

Mchana ulipofika alivua aproni, akatoka. Hakuna aliyemuuliza chochote. Alisimama uani, na watu waliobeba vyakula wakampita kuwahi wodini. Saa nzima ilikuwa yake, na hakuwa na mtu wa kumwona.