Huo Wimbo Siuwezi

Ikifika Desemba, stendi ya Mikumi haisikilizani. Duka la spea linapiga kwaya, muuza chipsi anapiga kwaya nyingine, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kanisani hajawahi kukanyaga, naye anawasha spika yake asionekane amelala. Abiria wa mabasi ya Mbeya wakishuka kujinyoosha hupokewa na Mtoto Yesu kutoka pande tatu kwa mpigo.

Marciana Ngassa aliishi kwa kelele hizo. Alikuwa na kibanda cha kurushia nyimbo: unampa flashi au simu, unataja unachotaka, anakujazia kutoka kwenye kompyuta yake. Madereva wa malori walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi na hakuwahi kumrushia mtu virusi. Siku kijana aitwaye Kaika alipotokea mbele ya meza yake, Marciana alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, nywele kasuka twende kilioni, na usoni ana ile sura ya mtu aliyelazimishwa kusikiliza kitu kimoja tangu asubuhi.

Kaika alikuwa anangoja gari la Kilosa. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, suruali ya kitambaa, na begani ameweka shuka yake nyekundu ya Kimasai, imekunjwa vizuri kama taulo la mgeni. Alisalimia, akatoa flashi, akasema anataka nyimbo za Krismasi, za kwaya tu.

Marciana alimwuliza zipi, maana anazo anazozipenda na anazo asizotaka hata kuzisikia. Kaika akavuta stuli, akakaa bila kukaribishwa, akamwambia aanze na za kupendwa. Akawekewa wimbo wa akina mama wa Kanda ya Ziwa, makofi na manyanga matupu, hakuna kinanda. Marciana alieleza kwamba huo humrudisha kwao, kabla baba yake hajaswaga ng'ombe mpaka Dumila. Wa kuchukiwa, akasema, ni hizi za Kizungu zenye kengele na theluji.

"Theluji, Mikumi hii," alisema, huku akijipepea na kipande cha boksi.

"Labda inaanguka tukiwa tumelala," Kaika akajibu.

Marciana alicheka bila kukusudia. Aligundua kwamba kijana yule ana mwanya, na kwamba anautumia.

"Na 'Fungueni Zizi' unao?" Kaika aliuliza.

Mkono wa Marciana ukasimama juu ya kipanya. Wimbo huo ulikuwepo, tena ulikuwa unaombwa kuliko nyingine zote: wimbo wa watu wa huku huku, unaosema fungueni zizi, mgeni yuko njiani, na Mtoto Yesu akafika akalala kwenye majani ya ng'ombe. Alimgeuzia Kaika kompyuta.

"Jirushie mwenyewe. Huo wimbo siuwezi."

Kaika akatabasamu kwa upole wa ajabu. "Wengi wanasema hivyo, dada. Wewe utauweza tu."

Marciana aliona ni majigambo ya kiume. Angekasirika, ila ule mwanya ulikuwa bado uko kazini.

Jioni simu ikaita. Ni Kaika, anataka kumjulisha kwamba amefika Kilosa salama na flashi inasoma. Hakuna mteja aliyewahi kumpigia Marciana kumwambia flashi inasoma. Kesho yake akapiga tena kusema bado inasoma. Siku ya tatu Marciana akapiga yeye, akauliza hali ya flashi, wakaongea mpaka salio likaisha.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kaika alikuwa anauza dawa za mifugo karibu na soko la Kilosa, na jioni anafundisha kwaya kanisani kwao. Walitaniana kuhusu ng'ombe, kwa kuwa Msukuma na Mmasai wakikutana ng'ombe hawakosekani. Marciana alimwambia Wamasai wanawapa ng'ombe majina mazuri kuliko ya watoto wao.

"Sasa mimi utaniita jina la ng'ombe gani?"

"La yule anayetangulia kundi, laazizi. Wengine wote wanafuata mkia wake," Kaika akajibu.

Marciana alikata simu kwa aibu, kisha akajilaumu kwa kuikata. Pasaka ilipofika kila mtu pale stendi alikuwa anajua. Kipupwe kilipoingia Kaika alimpeleka kwa mama yake, Mama Sipora, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kichache na macho mengi. Marciana akapiga goti, akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba, akapewa maziwa ya kibuyu, akayamaliza. Ikapangwa kwamba Krismasi ikipita wazee wa Kaika wataenda Dumila kwa Mzee Ngassa na ng'ombe wao.

Kaika alijua kwamba mama mkwe hatamkuta, kwamba amekwisha kufariki. Siku ya msiba hakuwahi kuambiwa, naye hakuuliza. Marciana alikuwa na desturi ya kuyaruka mambo hayo kama mtu anavyoruka dimbwi, bila kutazama chini.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Kaika alimwita Kilosa, akasema ana zawadi yake. Marciana alikwenda amependeza: gauni la bluu la mikono mirefu, kilemba, hereni ndogo za fedha. Alikaribishwa kanisani mbele, penye mazoezi ya kwaya. Mama Sipora alikuwa amekaa benchi la nyuma na kibuyu chake cha kumkirimu mkwe.

Kaika akapiga makofi, kwaya ikanyamaza.

"Wapendwa, mchumba wangu aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba wimbo wangu hauwezi. Mnajua niliutunga nikiwa bado mwanafunzi, likizo, machungani, na miaka yote mmenilalamikia. Basi nimeushusha. Leo anauanzisha yeye."

Watu wakashangilia. Kinanda kikapigwa, na sauti za wanaume zikaingia chini kabisa, polepole: fungueni zizi, mgeni yuko njiani. Marciana akamgeukia Kaika. Kumbe wimbo ule ni wake. Kumbe miezi yote hii alikuwa anampenda mtu aliyeutunga, naye yuko pale mbele anamchekea, anamnyooshea mkono aanze.

Akatoka. Alipita mbele ya Mama Sipora aliyekwisha kunyoosha kibuyu, hakukipokea wala hakuaga.

Kaika alimkimbilia mpaka barabarani.

"Nilikwambia siuwezi," Marciana alisema.

"Ndiyo maana nimeushusha."

"Ushushe mpaka chini ya ardhi, Kaika. Mimi siuwezi."

"Sasa mama, nishushe mpaka wapi? Besi wenyewe wamefika mwisho."

Marciana alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya kadamnasi, akamwambia asimpigie tena. Kaika alikuwa mtu wa kutii. Hakupiga.

Zikafuata siku mbaya. Kule Kilosa Mama Sipora alisema kwa Kimasai, tena mara moja tu, kwamba msichana anayeyapita maziwa atayapita na mengine, na wazee wakaambiwa wasubiri kwanza. Kule Dumila Mzee Ngassa alipiga simu kuuliza kama wageni bado wanakuja, maana ukoo umekwisha kuambiwa. Marciana alijibu kwamba mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzima. Yeye ndiye aliyekuwa anakatika, kwa sababu alimpenda Kaika, alikuwa anampoteza, na kila alipotaka kumpigia alimwona amesimama pale mbele anamchekea. Kwa maoni yake, mtu ameambiwa jambo linamuumiza mwenzake, akaenda akalipigia kinanda.

Siku mbili kabla ya sikukuu basi la Mbeya likasimama, akashuka mama mmoja mnene mwenye haraka, Tumwagile kwa jina, kiongozi wa kwaya ya akina mama huko kwao. Alitaka nyimbo za kwenda kufundisha. Akasikiliza hiki na kile, akafika kwenye "Fungueni Zizi", akatikisa kichwa.

"Huu siuwezi, mwanangu. Mzuri mno, naupenda, ila unapanda sana. Huna ulioshushwa?"

Marciana aliomba arudie.

"Nasema siuwezi. Sauti haifiki. Yaani hata usiku nautamani, ila koo limegoma."

Mama yule alipata nyimbo zake, akaondoka, na pengine mpaka leo anashangaa kwa nini alikumbatiwa na muuza nyimbo. Marciana alikaa juu ya stuli ileile ya Kaika. Neno moja. Yeye alisema siuwezi kama mtu anavyosema hamwezi jirani mgomvi. Kaika akasikia siuwezi ya watu wa kwaya, aliyoimbiwa na soprano wake mwaka hadi mwaka. Yeye alitaka wimbo umwondokee. Mwenzake alikuwa anaulainisha usiku na mchana ili umwingie.

Alipiga simu. Ikapokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Kaika. Niliposema siuwezi, ulielewa nini?"

"Kwamba unapanda sana. Si ndivyo?"

"Mama yangu tulimzika siku ya Krismasi," Marciana alisema.

Kisha akamweleza yote, bila kulia, kama anayesimulia habari za watu wengine. Kwamba kwaya ya kijijini ilikuwa imefanya mazoezi ya Krismasi tu na haikuwa na wimbo wa msiba uliokaa sawa. Kwamba waliona aibu kumzika mama wa watu kimyakimya, wakaimba walichokuwa nacho. Kaburi lilikuwa pale nyumbani Dumila, nyuma ya zizi. Watu wanafukia, na kwaya inaimba fungueni.

"Wao walikuwa wanafunga, Kaika. Nilitaka kuwaambia wausikilize wimbo wenyewe. Hakuna aliyekuwa anasikiliza."

Sauti ya Kaika ilikuwa imeshuka kuliko ya besi wake.

"Nisamehe, Marciana. Nitaufuta."

"Utaufutaje? Madereva wote wa barabara hii wanao. Nimewarushia mwenyewe."

Hapo wakacheka wote wawili, na ndani ya kile kicheko Marciana akalia.

Krismasi aliila Kilosa. Kwaya iliimba kila kitu isipokuwa ule wimbo, na waumini walipouliza umekwenda wapi, mwalimu akajibu kwamba una mafua. Marciana alipiga goti mbele ya Mama Sipora kabla hajaambiwa, akatoa shikamoo, akaomba maziwa mwenyewe. Mama Sipora alimwacha hapo chini muda wa kutosha kujifunza. Kisha akampa kibuyu, akamwangalia akinywa mpaka tone la mwisho, akaitika marahaba.

Januari wageni wakafika Dumila. Mzee Ngassa alikuwa na desturi ya ukoo wake aliyokuja nayo kutoka Usukumani: ng'ombe wa mahari haingii mpaka mtu wa upande uliomleta ataje kwa kinywa chake kwamba zizi lifunguliwe. Ndipo mzee wa bibi arusi anaondoa miiba inayoziba lango. Bila neno hilo, ng'ombe ni wapita njia tu. Kaika alikuwa hajui desturi hiyo. Alichofanya ni kuwaonya wazee wake wote, mmoja mmoja, kwamba katika ua ule maneno mawili yasitamkwe hata kwa bahati mbaya.

Basi ng'ombe wakasimama langoni, jua kali. Mzee Ntutu, msemaji wa wageni, alisifu mvua, akasifu nyumba, akasifu umri wa Mzee Ngassa, akakohoa. Mzee Ngassa alijibu yote kwa heshima na hakugusa mwiba hata mmoja. Mzee Ntutu akaomba wanyama wapate mahali pa kupumzika. Akajibiwa kwamba mahali ni pengi. Akaomba njia. Akaonyeshwa barabara. Ng'ombe mmoja akalala chini. Jasho lilikuwa linamtiririka Kaika kwenye kola ya shati lake jeupe, na wazee wakaanza kutazamana kama watu wanaodhani wamefukuzwa.

Marciana alikuwa ndani, amefunikwa kanga, mahali anapopaswa kukaa mpaka aitwe. Aliyaona yote kupitia dirishani. Aliona ng'ombe, akaona miiba ya lango, na nyuma ya zizi akaona kilima kidogo kilichosakafiwa kwa saruji, chenye msalaba. Alielewa Kaika alichokifanya, na kwamba alikuwa tayari kurudi Kilosa na ng'ombe wake wote kuliko kuyasema maneno yale. Alimpenda wakati ule kuliko siku yoyote.

Akatoka nje. Shangazi zake wakashtuka, mmoja akamkamata kanga, ikabaki mkononi mwake. Marciana alipita katikati ya wazee bila kusalimia mtu, akaenda akasimama karibu na Kaika, upande wa wenye ng'ombe.

"Fungueni zizi," alisema.

Sauti ilitoka chini, imekwaruza kidogo. Mzee Ngassa alimtazama binti yake, akatazama kule nyuma alikolala mkewe, akainama kuondoa miiba.