Ushanga wa Akiru Machimboni

Kulikuwa na mtu anamwaga maji nje ya nyumba. Si kuosha chombo, si kujaza mtungi. Kumwaga tu, taratibu, kama mtu ameinamisha mtungi juu ya mchanga na hana haraka. Hapa Kakuma, kwa kiangazi hiki, maji tunayapangia foleni tangu alfajiri, sasa nani anayamwaga usiku? Nikawasha tochi ya simu, nikafungua mlango. Hakuna mtu. Mchanga mkavu kabisa. Nikarudi kitandani kwa mtoto wangu Akiru, nikampapasa kichwa, na kidole changu kikazama kwenye utosi wake.

Wacha nianze mahali pa kuanzia, maana nikikimbia utanipotea.

Upande wa Lopur kuna kilima kilichochimbwa murram, ule udongo mwekundu wa barabara, wakati barabara kuu ilipokuwa ikitengenezwa. Walipomaliza waliondoka na matingatinga yao, wakatuachia shimo na ile njia ya malori inayopanda kilimani. Mvua iliponyesha, njia ikageuka mto, ikachimbika makorongo ya kumeza punda, tope jekundu likashuka mpaka milangoni mwa watu. Ndipo ukaja mradi wa kukirudisha kilima: kupanga mawe yazuie maji, kuchimba mashimo ya nusu mwezi, kupanda nyasi na miche. Wakaandika akina mama. Mume wangu Lokaale anaendesha lori huko Lodwar, huonekana mwezi ukipenda, kwa hiyo nilimfunga Akiru mgongoni nikaenda na wenzangu.

Kazi ilikuwa nzuri, sitadanganya. Tuliimba, tulitaniana. Abuk, Mdinka mrefu kutoka kambi ya wakimbizi, alisema napanga mawe kama bibi arusi anayetandikia mkwe kitanda, nami nikamwambia yeye na urefu wake hata mawe hayaoni.

Msimamizi wetu, Lokuruka, akasema kila mmoja atie alama kwenye miche yake, na ambaye miche yake itakauka atampisha mwingine. Kwetu hilo si geni. Mti wa kando ya laga, ule mto mkavu, una mwenyewe, ni wa boma fulani, na mbuzi wako hawaokoti hata maganda yake bila ruhusa. Wengine wakafunga vitambaa, wengine uzi wa gunia. Mimi sikuwa na kitu. Katikati ya shimo, karibu na kisiki cha zamani, nilipanda mche wa mgunga, nikakata ushanga mmoja wa bluu kiunoni mwa Akiru, nikaufunga pale. Nikamwambia, "Huu ni wako, mama." Akacheka. Alikuwa mtoto wa kucheka.

Kiangazi kikaja, miche ikaanza kukauka, mmoja mmoja, shimo kwa shimo. Wangu ule wa katikati ukakua. Ukafika magotini. Ukafika kiunoni. Kila asubuhi udongo kwenye shina lake ulikuwa umelowa, na hakuna nyayo. Lokuruka akafurahi, akaleta wageni, wakaupiga picha.

Abuk alinivuta kando. "Mama Akiru, huo mti unamwagiliwa na nani?"

Nikasema labda ni umande.

"Umande gani wa Kakuma?" Safari hii hakuwa anatania.

Na huku mtoto anasinyaa. Ananyonya kutwa, kitambaa cha nepi kinakaa kikavu. Midomo ikapasuka. Akawa analia bila machozi, mdomo wazi, macho makavu kama ya samaki wa kuanikwa. Kliniki wakampa maji ya chumvi na sukari, wakapima hiki na kile. Muuguzi akanitazama. Akasema hatapiki, haharishi, ananyonya vizuri, sasa hayo maji yanaenda wapi? Aliniuliza kama vile mimi najua.

Usiku, tena. Mtu anamwaga maji. Nilikaa nimemkumbatia, nikihesabu pumzi zake, na kila yalipomwagika aliguna kidogo. Kama mtu anayebeba kitu kizito.

Mama mkwe wangu, Nabei, akasikia, akaja kutoka Lopur. Hata salamu ya ejok hakuimaliza. Akamlamba mjukuu wake paji la uso, akatema. Alisema hana chumvi, ana ladha ya murram. Kisha akapitisha vidole kwenye shanga za kiuno.

"Ule wa bluu uko wapi?"

Nikamwambia. Aliketi chini mchangani. Ndipo akanieleza kwamba kile kisiki kilikuwa mti wa mwanamke mmoja, alirithi kwa mama yake. Tingatinga lilipokuja aliukumbatia, wakambandua, ukakatwa. Akakaa juu ya kisiki akakataa maji. Alikauka palepale. Hakuna aliyechinja, hakuna aliyeomba radhi.

"Pale pana mwenyewe," akasema. "Nawe umempa mtoto. Mzee akipata mtoto, humtuma maji."

Tulipanda kilimani mchana, jua la utosi, kwenye ile njia iliyoliwa na mvua. Mti ulikuwa umenipita urefu. Nikautafuta ushanga. Gome lilikuwa limeumeza, limebaki doa la bluu, kama jicho. Nikachomoa kisu. Mama mkwe akanishika mkono.

Alinong'ona, "Ukikata, maji ya mtoto yatamwagika yote."

Akavua shanga zake za shingoni, zote, zile alizovishwa akiwa bibi arusi. Sikuwahi kuiona shingo yake. Ilikuwa nyembamba kama ya kuku. Akauvisha mti, akaweka kiganja kwenye gome.

"Dada, huyu mtoto hajui njia. Nitume mimi."

Hapakuwa na upepo. Majani yakatikisika.

Tukiteremka aliomba maji. Mama, aliyelelewa akifuata ngamia, ambaye sijawahi kumwona akinywa njiani.

Usiku ule kukawa kimya. Alfajiri Akiru alinikojolea, mimi na blanketi, nami nikalia kwa furaha.

Mama akarudi Lopur. Majirani zake wakaanza kusema kuna mtu anamwaga maji nyuma ya nyumba yake usiku. Nilipoenda kumwona alikuwa ameshika mtungi kwa mikono miwili, anakunywa, anakunywa, na ulimi wake umekauka. Akanivuta karibu. "Usimwambie Lokaale. Atapanda na shoka, na maji ya mtoto bado yamo mle." Nikaahidi.

Tumemzika juzi. Waliombeba walisema ni kama kubeba ngozi ya mbuzi.

Leo asubuhi Akiru alikuwa anatambaa mlangoni, ananyonya kitu. Nikatia kidole mdomoni mwake. Ushanga wa bluu. Umelowa. Mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, umepenya kwenye tundu lake, na upande wa pili umezama mchangani. Nikavuta. Ukaja. Nikavuta tena. Hauishi.

Lokaale, aliyekuja kwa mazishi, akauliza kutoka ndani ninafanya nini hapo mlangoni. Nikasema natafuta kiatu cha mtoto.

Nimekwambia wewe kwa sababu uko mbali na huna shoka. Nilimwahidi mama akiwa hai, na sasa namwahidi tena, huku nimekanyaga huu mzizi usionekane: sitamwambia mtu mwingine.