Toleo la Mtu Mmoja

Suruali ya mhariri ilichanika mbele ya kadamnasi, katika ofisi ya umeme, siku ambayo foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango na kushuka ngazi. Msumari wa benchi ndio uliofanya kazi hiyo. Alipoinuka kusogea mbele, kitambaa kikalia kraa, na watu wakageuka kutazama. Akabaki amesimama na mkoba wake wa kompyuta ameushikilia nyuma, hajui aendelee na foleni au arudi nyumbani kinyumenyume.

"Simama hivyo hivyo, na usigeuke," sauti ya kike ilimwambia.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la rangi ya haradali alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa. Katika mfuko mmoja mlikuwa na sindano, uzi na mkasi mdogo. Alimshona pale pale, amechuchumaa, huku akiwaomba waliokuwa nyuma wasimsukume asije akamdunga mtu wa watu.

Walipofika dirishani walikuwa wameshajuana kazi. Mhariri alimweleza kwamba anaandaa jarida la habari za mji, linalotumwa kwa barua pepe kila asubuhi. Msomaji huchagua mtaa wake na mambo yanayomhusu, na mashine humfungia habari zake peke yake: maji yanakatika wapi, barabara gani imefungwa, soko gani linahamishwa. Fundi akasema simu yake imejaa vipimo vya viuno vya watu, habari hazina pa kukaa. Lakini anwani alimpa. Mhariri alimwandikisha kabla hajamaliza kushuka ngazi, ungesema ni mchapakazi.

Wasomaji wengine wote waliachiwa mashine. Toleo la fundi alilipanga kwa mkono, kila asubuhi, chai ikimpolea kando. Fundi alilisoma wakati pasi inapata moto, kisha anapiga simu.

"Bwana Habari, umeniambia maji yatakatika. Na ndoo je, utaleta?"

"Nitajileta mimi mwenyewe."

"Wewe utanijazia chumba tu. Leta ndoo."

Alileta ndoo. Jioni wakawa wanatembea pamoja hadi kituo cha basi, kila siku kwa njia ndefu zaidi. Fundi akamshonea shati la buluu, na kwa mara ya kwanza maishani mhariri akavaa kola iliyomkaa sawasawa shingoni. Kazini walimtania kwamba siku hizi anahariri huku anatabasamu, hata habari za mitaro.

Kisha mama yake fundi akaugua, na madaktari wakasema lazima afanyiwe upasuaji.

"Mpenzi, wiki hii usiniletee la kunivunja moyo," fundi alimwambia kwenye simu, sauti imekauka. "Nikipata jingine juu ya hili, nitaanguka."

Ndiyo wiki ambayo ofisi ya jiji ilitangaza kwamba jengo la mafundi, lile alimoshonea fundi, litabomolewa, na kwamba anayetaka chumba katika jengo jipya afike mwenyewe kujiandikisha, mwisho Ijumaa. Mhariri ndiye aliyeiandika habari hiyo. Kwa wasomaji wote wa mtaa ule aliiweka juu kabisa. Katika toleo la fundi aliifuta, akaweka habari ya taa mpya za barabarani. Alijiambia atamweleza kwa mdomo, taratibu, mama akishatoka salama.

Mama alitoka salama Alhamisi. Fundi alimpigia akicheka na kulia kwa pamoja, akamwambia yeye ndiye aliyemshikia moyo wiki nzima. Mhariri akamshukuru Mungu pamoja naye, habari ya jengo hakuitaja. Tusimpambe: si huruma iliyomziba mdomo. Alikuwa amezoea kuwa mleta mazuri, na kicheko kile alikipenda kuliko alivyompenda mwenye nacho. Ijumaa aliamka nalo kichwani, na mchana kutwa akajiambia bado kuna muda, mpaka ofisi ya jiji ikafunga milango.

Jumatatu fundi alirudi kazini baada ya wiki nzima ya kumuuguza mama hospitalini, na muuza vifungo, mzee mcheshi aliyepakana naye pale jengoni, akamuuliza amepata chumba gani. Fundi akamwambia aache utani. Mzee akamfungulia simu yake, naye fundi akafungua ya kwake. Kwa mzee habari ilikuwa juu kabisa. Kwake kulikuwa na taa za barabarani. Alikimbilia ofisi ya jiji akaambiwa vyumba vimekwisha. Aliporudi, mafundi wenzake wakamsema: ana mchumba wa habari, na habari yenyewe imempita. Fundi akasimama katikati yao akamtetea. Mashine imekosea, alisema, mtu wake hana hatia. Kisha akampigia mhariri, amtulize yeye.

"Usijilaumu, mpenzi. Mashine ni mashine. Ungejua, ungenikimbilia mwenyewe, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema mhariri.

Ile "ndiyo" haikumtoka kichwani. Kesho yake alivaa shati la buluu, na ile kola iliyokuwa ikimkaa sawasawa ikamkaba. Kila barua ya msomaji aliyeifungua aliona kama inamuuliza jambo lile lile. Hakumaliza zamu. Aliacha kompyuta inawaka, akaenda jengo la mafundi.

Alimkuta fundi anatia vitambaa kwenye magunia. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kwa shuka.

"Mashine haikukosea," alimwambia. "Niliifuta mimi. Nilitaka kukueleza baadaye, nikaogopa."

Fundi aliendelea kukunja kitambaa hadi kikawa kidogo kama leso.

"Nilikutetea mbele ya watu," alisema. "Na nilipokupigia, ukaniitikia ndiyo. Saa ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikuomba uniliwaze. Sikukuomba unichagulie maisha." Akarudisha macho kwenye gunia. "Nenda. Na usinitumie chochote."

Jioni ile ile fundi alijiondoa kwenye jarida. Taarifa ilimfikia mhariri mezani kwake, kama zinavyomfikia za kila anayejiondoa.

Hakumpigia wala hakumtumia maua. Alikwenda kwa mkuu wake akasema yote, na kesho yake, katika matoleo yote ya mji mzima, palikuwa na sahihisho juu kabisa: kwamba msomaji mmoja alifichwa habari ya jengo la mafundi, kwa makusudi, na mhariri wa jarida hili, na kwamba msomaji huyo amepoteza chumba chake cha kazi kwa sababu hiyo. Chini ya sahihisho akatia sahihi na cheo chake. Kazini hakuna aliyemtania tena.

Vyumba havikupatikana. Mambo ya ofisi ya jiji hayabadilishwi na majuto ya mtu. Muuza vifungo ndiye aliyempa fundi kona ya chumba chake kipya, pana kiasi cha cherehani na stuli, na ndiye aliyemwonyesha lile sahihisho. Fundi alilisoma, akamrudishia simu, akasema ana kazi. Likapita juma, na jingine likaanza.

Asubuhi moja, pasi ikipata moto, simu ya mhariri ikalia.

"Bwana Habari. Nipe za leo. Anza na mabaya."

"Nimetolewa kwenye jarida. Siku hizi napanga matangazo ya misiba."

"Endelea."

"Kila nikipita jengo lenu la zamani nageuza uso. Wameshalibomoa nusu. Ule ukuta wako bado una alama ya pasi."

Ikasikika pasi ikiwekwa chini.

"Jingine," fundi alisema.

"Suruali imechanika. Pale pale. Sijampelekea fundi mwingine."

Mhariri aliisikia pumzi ya fundi, fupi, kama mtu anayejizuia asicheke au asilie.

"Sijakusamehe," fundi alisema. "Hilo nalo ni baya, lisikie leo leo. Lakini lete hiyo suruali. Na safari hii ukifika, usinipe mgongo."