Mlio wa Chumba cha Chini

Ndugu zangu wa Thunder Bay, huku Kanada, na kwingineko, nawaeleza yaliyompata Reijo Lahtela, na naomba msimcheke, maana wengi wetu hatuko mbali naye.

Jumapili moja ya Januari theluji ilikuwa imetulia juu ya paa na nyumba ilinukia mkate wa iliki. Reijo alishuka chumba cha chini na kikombe chake cha kahawa, kwenda kumsikiliza mkewe. Irja alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alipojua hatapona, aliketi mbele ya kompyuta iliyokuwa huko akajirekodi akimsimulia hadithi mjukuu ambaye hangemwona. Binti yao Marita, aliyekuwa mji wa mbali wa Winnipeg na mimba ya miezi minane, aliomba nakala mara nyingi. Jibu la Reijo lilikuwa moja: "Njoo uzisikilize hapa hapa." Aliogopa akizituma, binti hatakuwa na sababu ya kuja. Huzuni ilikuwa ya kweli, lakini tuseme ukweli: ule ulikuwa uchoyo.

Akabonyeza kitufe. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Ndani ya boksi la kompyuta kukatoka mlio: tak, tak, tak.

Reijo akaweka kikombe chini. Hivyo hivyo ndivyo Irja alivyokuwa akigonga meza kwa pete yake, kumwita aje kula.

Alihamisha waya kwenye soketi nyingine, akafungua boksi, akapuliza vumbi, akakaza kila kilicholegea. Alipowasha tena, yalitokea maandishi meupe kwamba diski, ile iliyohifadhi hadithi, haionekani. Tak, tak, tak.

Jirani yake Orville, aliyekuja kurudisha koleo la theluji, aliusikia mlio ule akiwa kwenye ngazi.

"Izime hiyo, mzee! Diski ikigonga hivyo inakata roho. Mpelekee fundi kabla hujaiwasha tena."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila masikio ninayo."

"Basi nenda nayo kwako!"

Orville akaenda zake, na Reijo akaiwasha tena. Tangu hapo hakuwa akitengeneza kitu. Aliwasha ili asikie. "Irja, leo baridi kali," alikuwa akisema, na boksi linagonga. Aliogopa, na bado alishuka kila siku. Simu ilipolia juu jikoni, hakupanda kuipokea. Je, msomaji, ungepanda wewe, kama unaamini marehemu wako anakujibu?

Theluji ilipoyeyuka Marita alifika bila taarifa, kabeba mtoto wake, Aila. Alimkuta baba yake chumba cha chini, amekonda, mbele yake vikombe viwili vya kahawa.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Nyamaza. Mama yako anabisha hodi."

Marita alisikiliza kidogo. Kisha akachomoa waya ukutani. Kesho yake alimpelekea fundi ile diski, akarudi macho mekundu.

"Hakuna kilichobaki, baba. Ule mlio ulikuwa kichwa kinachosoma diski kikikwangua sahani inayobeba sauti. Fundi anasema ungeizima siku ile ya kwanza, pengine angeziokoa hadithi. Kila ulipoiwasha, ulikuwa unamfuta mama."

"Lakini alikuwa ananijibu," Reijo alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nimekupigia simu tangu Aila azaliwe! Mimi ndiye niliyekuwa nakuita."

Reijo akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Mtoto alimtazama mzee huyu asiyemjua, akaangua kilio, akajificha shingoni kwa mama yake. Marita hakumlazimisha. Waliondoka siku hiyo hiyo.

Boksi lile halina diski sasa, lakini Reijo bado hushuka kuliwasha. Huinamisha sikio na kungoja, na hakuna kinachobisha.

FUNZO

Mashine ikigonga, izime, umwite anayejua, na anayekuonya usimfukuze. Sauti ya mpendwa wako isikae mahali pamoja tu. Wagawie wanawe nakala leo, maana si yako peke yako. Nawe uliyefiwa, lia uwezavyo, lakini simu ikilia ipokee. Walio hai nao huchoka kubisha.