Kamera ya Nusu Bei

Studio ya Bwana Picha ilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vitambaa na ofisi ya kutoa nakala. Ukutani palikuwa na pazia la buluu kwa picha za pasipoti, na pazia jeupe kwa watoto na maharusi. Kiti kilikuwa kimoja, cha kuzunguka. Kililia kila mtu alipokikalia.

Kwa miaka ishirini na minane Bwana Picha alikuwa amewapiga picha watu wa mtaa ule. Jina lake halisi wachache walilijua. Mteja akikunja uso, alimwambia, "Ndugu yangu, mimi si daktari wa meno. Cheka kidogo!" Mteja akacheka, na papo hapo kamera ikalia: kacha!

Mkewe, Mama Pacha, alikaa kwenye meza ya mlangoni. Yeye alikata picha kwa mkasi na rula, akazitia kwenye bahasha ndogo. Zamani alichora alama juu ya bahasha ili akumbuke ni ya nani. Mwaka uliopita alijiunga na darasa la watu wazima. Sasa aliandika majina.

Kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu. Mumewe alisoma kama mtu anayekimbia mvua. Mama Pacha alisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Aliweka kidole kwenye neno moja, akalihakikisha, ndipo akaenda kwenye lingine.

Jumatatu moja asubuhi kamera iliharibika. Kila picha ilitoka na mstari mweusi katikati. Bwana Picha alivuka barabara, akaipeleka kwa Dada Fundi.

Dada Fundi alikuwa akitengeneza simu, redio na kamera kwenye kibanda chake. Alikuwa rafiki mkubwa wa Mama Pacha. Aliifungua kamera, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii imechoka," alisema. "Kipuri chake hakitengenezwi tena. Nikikudanganya kwamba nitaiponya, nitakula pesa yako bure."

Bwana Picha alirudi studio akiwa amenyong'onyea. Jumamosi ya wiki iliyofuata kulikuwa na harusi. Bibi harusi alikuwa nesi wa zahanati ya mtaani. Bwana Picha alimpiga picha alipokuwa na siku arobaini. Alimpiga picha alipoanza shule na alipohitimu unesi. Alipoambiwa kuna wapiga picha vijana wenye vyombo vya kisasa, nesi alijibu, "Sitaki mwingine. Huyu ananijua tangu sina meno."

"Nitamwambia nini mtoto wa watu?" Bwana Picha alimuuliza mkewe.

"Akiba si ipo?" Mama Pacha alisema. "Tuliiweka kwa ajili ya kamera. Tutafute kamera."

Bwana Picha akachukua simu, akaanza kutafuta mtandaoni. Hakuchukua muda. Tangazo lilijitokeza lenyewe: kamera mpya, ya aina aliyoitamani kwa miaka, kwa nusu ya bei. Chini yake palikuwa na saa nyekundu iliyokuwa ikirudi nyuma. Zimebaki tatu tu! Ofa inaisha baada ya dakika arobaini!

"Mama Pacha! Njoo uone! Mungu hamtupi mja wake!"

Bwana Picha hakuwa mjinga. Lakini aliogopa kuvunja ahadi, na mwenye hofu husikia kile anachotaka kusikia.

"Duka hili unalijua?" mkewe aliuliza.

"Silijui, lakini tazama, wana picha nzuri."

"Nipe nisome."

"Utasoma mpaka saa ngapi? Zimebaki dakika thelathini na nane!"

"Basi nitasoma kwa dakika thelathini na saba. Wewe utalipa kwa ile iliyobaki."

Bwana Picha alicheka bila kupenda, akampa simu. Mama Pacha aliweka kidole kwenye kioo. Alipita maneno makubwa ya rangi nyekundu, akashuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Alisoma kwa sauti.

"Ma-shar-ti ya ku-ru-di-sha bidhaa. Kama kiatu... kiatu hakikutoshi..." Alisimama. Alirudia. "Kama kiatu hakikutoshi mguu, usikivae nje ya nyumba." Akamtazama mumewe. "Baba Pacha, tunanunua kamera au tunanunua viatu?"

Bwana Picha alinyakua simu, akasoma mwenyewe. Ilikuwa kweli. Duka la kamera lilikuwa linazungumza habari za soli na kisigino.

"Labda wamekosea tu," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kuuliza si ujinga," mkewe alisema. "Twende kwa Dada Fundi."

Dada Fundi aliposoma habari za viatu alicheka hadi akafuta machozi.

"Rafiki yangu, umenifunza," alimwambia Mama Pacha. "Mimi huanza kutazama mambo mengine. Hawa wameiba maneno ya duka la viatu wakayabandika hapa. Hawakudhani kuna mtu atasoma."

Kisha akawaonyesha jambo. Alifunga ukurasa ule, akaufungua upya. Saa nyekundu ilikuwa imebakiza dakika ishirini na mbili. Sasa ikaanza tena kwenye arobaini.

"Mnaona? Saa hii haihesabu chochote. Kazi yake ni kukukimbiza ili usifikiri."

Akawaonyesha maoni ya wateja. Wote walisifu. Wote waliandika siku moja, kwa maneno yaleyale.

"Sifa zilizo ndani ya duka anaziandika mwenye duka akitaka," alisema. "Ukitaka kujua habari za duka, waulize watu walio nje yake. Andika jina la duka mahali pengine mtandaoni, uone wanunuzi wanasema nini. Ukikuta malalamiko, au usikute chochote kabisa, simama."

"Na malipo?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapa wanataka ulipe yote kwanza, tena kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukishatuma, imekwenda."

Bwana Picha alikuna kichwa. Moyo wake ulikuwa bado haujaiachia ile kamera. "Lakini wameweka namba. Tusiwahukumu. Tuwapigie."

"Sawa kabisa," alisema Dada Fundi. "Mwizi haogopi pesa yako, anaogopa maswali yako. Mama Pacha, piga wewe."

Mama Pacha alipiga, akaweka sauti ya nje. Mwanamume mwenye sauti tamu alipokea.

"Karibu mteja wetu! Umeshalipa?"

"Bado, kaka yangu. Duka lenu liko mtaa gani?"

"Tuko mjini kati, mama. Karibu na benki."

"Benki ipi?"

"Ile kubwa."

"Zote ni kubwa, kaka yangu. Ina jina gani?"

"Mama, unanunua kamera au unanunua benki?"

Dada Fundi aliziba mdomo ili asicheke. Mama Pacha hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nanunua kamera. Ndiyo maana nataka kujua nitairudisha wapi ikiwa mbovu. Tunaweza kulipa tukishaiona?"

"Hatufanyi hivyo. Wanunuzi ni wengi."

"Basi nifanyie jambo moja dogo. Andika 'Mama Pacha' kwenye karatasi, iweke mbele ya kamera, upige picha unitumie. Nikiiona nitajua ipo."

"Nitakutumia," akasema, akakata.

Baada ya robo saa picha iliingia. Kamera ilikuwa juu ya meza, inang'aa. Mbele yake palikuwa na karatasi nyeupe yenye maneno "Mama Pacha".

"Basi ipo," alisema Mama Pacha. "Huenda tumewaonea."

Lakini Bwana Picha aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Aliitazama kwa jicho lile alilolitumia kutazama nyuso za watu kwa miaka ishirini na minane.

"Taa iko kulia," alisema polepole. "Kivuli cha kamera kinaangukia kushoto. Sasa nionyesheni kivuli cha karatasi."

Wote watatu waliinama. Karatasi haikuwa na kivuli.

"Karatasi hii haikuwahi kuwa juu ya meza hii," alisema. "Imebandikwa kwenye picha. Picha yenyewe sijui wameitoa wapi."

Simu ikalia tena. Ujumbe: Tumekutumia namba sita kuthibitisha oda. Tutajie namba hizo haraka.

Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia, lakini zilitoka kwenye huduma ya pesa ya simu yao wenyewe.

"Usimpe," alisema Dada Fundi, na sasa hakuwa anacheka. "Mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yenu. Namba hizo ndizo ufunguo. Hata mtu akisema yeye ni mkuu wa benki, humpi."

Bwana Picha alifuta ujumbe, akaifungia ile namba isipige tena. Aliketi kwenye kigoda cha Dada Fundi, akavuta pumzi.

"Mke wangu," alisema mbele ya Dada Fundi, bila aibu, "mimi ndiye niliyesoma shule miaka yote ile. Leo wewe umeninusuru."

"Na kivuli umekiona wewe," mkewe alijibu. "Mimi nilishaanza kuwaamini."

Hata hivyo harusi ilikuwa palepale, na kamera haikuwepo. Bwana Picha alisema hatagusa tena maduka ya mtandaoni.

"Hapana, shemeji," alisema Dada Fundi. "Mimi vipuri vyangu vingi nanunua mtandaoni. Si kila usilolijua ni baya. Usilolijua unalichunguza."

Siku mbili walichunguza pamoja. Walipata duka dogo la kamera zilizotumika, katika mji mwingine. Hakuna kati yao aliyewahi kulisikia. Mahali lilipo palikuwa pameandikwa: mtaa, jengo, ghorofa. Nje ya duka, wanunuzi walikuwa wamelisema vizuri na vibaya. Mmoja alilalamika kwamba mzigo ulichelewa, na duka lilikuwa limemjibu na kumwomba radhi. Dada Fundi alikuwa na mwenzake aliyesoma naye ufundi, akiishi mji ule. Akamwomba apite. Jioni akajibu: "Nimefika. Duka lipo, na mama mwenyewe nimemkuta anafuta lenzi."

Mama Pacha akapiga simu. Mwenye duka alijibu kila swali bila kukasirika. Kisha akasema jambo ambalo hakuulizwa.

"Mama, nikwambie kabisa. Kamera hii ina mkwaruzo karibu na mkanda. Haiharibu picha, lakini usije ukashtuka."

Bwana Picha alitabasamu. "Huyu anauza," alinong'ona. "Yule mwingine alikuwa anakimbiza."

Bei haikuwa nusu. Ilikuwa bei ya kawaida ya kamera iliyotumika. Walikubaliana kulipa kwenye ofisi ya vifurushi baada ya kuikagua. Mama Pacha aliomba masharti yaandikwe: siku saba za kurudisha, na dhamana ya miezi sita. Yakaandikwa, akayasoma yote kwa kidole. Mara hii hakukuta viatu.

Mzigo ulifika Alhamisi. Walikwenda wote wawili. Mama Pacha alirekodi kwa simu wakati mumewe anakata gundi ya boksi, mbele ya karani. Walilinganisha namba iliyo chini ya kamera na namba ya kwenye risiti. Zilikuwa sawa. Mkwaruzo ulikuwa palepale ulipotajwa. Bwana Picha alimgeukia karani: "Ndugu yangu, mimi si daktari wa meno." Kacha! Picha ilitoka safi kama maji ya chemchemi.

Chaja tu ndiyo haikuwemo. Mama Pacha alituma ile video dukani hapohapo. Mwenye duka aliona boksi linafunguliwa bila chaja, akaomba radhi, na siku iliyofuata chaja ikaja. Hapakuwa na ubishi, kwa sababu ushahidi ulikuwepo.

Jumamosi nesi aliolewa. Bwana Picha alikuwa kila mahali: chini ya meza, juu ya kiti, nyuma ya wapambe. Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya baba wa bibi harusi. Mzee huyo hakuwahi kuonekana akilia maishani mwake. Kamera ilimkuta anafuta jicho kwa kona ya koti, akidhani hakuna anayemtazama. Nesi aliitundika zahanati, juu ya meza yake ya kazi.

Habari za kamera zilienea mtaani. Mwalimu wa darasa la watu wazima alimwomba Mama Pacha asimame mbele ya wenzake awaeleze. Alianza kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye habari za viatu, darasa zima lilivunjika mbavu. Akamaliza kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Wiki iliyofuata, seremala mmoja wa darasa lile alikuja studio. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la mbao. Alikuwa amepata tangazo la mashine ya kutoboa ya umeme, bei ya kutupa.

"Mama Pacha, nisomee haya maandishi madogo," alisema. "Wewe ndiye bingwa wetu."

Mama Pacha aliweka mkasi chini. Alisogeza kiti cha kuzunguka hadi kwenye mwanga wa mlango.

"Kaa hapa," alimwambia. "Soma mwenyewe. Mimi nipo, sina haraka."

Seremala alikaa, kiti kikalia. Aliweka kidole chake kinene kwenye kioo cha simu, akaanza. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili. Kwenye wa tatu alisimama, akakunja uso, akarudi nyuma, akausoma tena kwa sauti. Kisha akainua kichwa.

"Mbona hawasemi duka liko wapi?" aliuliza.

Mama Pacha alimpa simu yake mwenyewe, awapigie wenye duka awaulize.