Picha Iliyokunjwa ya Ghuba ya Pendrey

Binamu yangu Ripeka si mtu wa kutunga, na haya yalimkuta yeye. Jumamosi moja ya jua alimpakia bintiye Moana kwenye gari, wakaenda Ghuba ya Pendrey kumwona shangazi Makere. Ghuba ilikuwa kimya kama kawaida yake: kondoo mlimani, boti mbili mchangani, na nyumba ya mbao aliyoijenga Pendrey, yule mlowezi mvuvi wa nyangumi aliyemwoa bibi mmoja wa ukoo wetu. Shangazi ndiye anayeitunza, pamoja na ukuta wa picha za marehemu.

Moana alikuwa na miaka sita. Tangu Machi alitetemeka kwa baridi hata juani, na alikonda hadi nguo zikamning'inia. Madaktari walipima wee, hawakuona kitu. Usiku wa kuamkia safari alimnong'oneza mama yake, "Mwambie Babu asinibane."

Babu Hoani, baba yake Ripeka, alikuwa amekufa miaka miwili kabla.

Shangazi aliwapa chai na mkate wa kukaanga. Alimtazama mtoto, akautazama ukuta, akaacha kutafuna.

"Ile picha ya kaka yangu uliyoniletea Machi uliitoa wapi?"

Ripeka alijikaza asilie. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema yote. Baba alitabasamu kwenye picha moja tu maishani mwake, akiwa amempakata Moana. Naye Ripeka alitaka hiyo hiyo itundikwe.

"Nilimkunja mtoto nyuma, shangazi. Haonekani."

"Haonekani na sisi."

Kwetu aliye hai hatundikwi pamoja na wafu. Hilo hata mtoto analijua.

Shangazi alisali, wakaishusha picha. Fremu ilikuwa na umande kwa ndani. Wakaikunjua. Moana wa pichani, aliyekuwa akicheka na kamera, sasa alikuwa amegeuka. Alimtazama Babu.

Shangazi alileta mkasi, akasita. Mkono wa Babu ulivuka mkunjo, ukamzunguka mtoto kiunoni.

"Ni kaka yangu, Ripeka. Siwezi kumkata mkono."

Ripeka aliupokea mkasi. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, ila mmoja. Akakata mkunjoni, mkono ukabaki upande wa mtoto.

Hapo hapo Moana akaomba mkate. Akala minne. Mashavu yakapata joto, akatoka mbio kuwafukuza shakwe, na Ripeka akalia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka. Shangazi alikirudisha kipande cha kaka yake ukutani. Wakanawa mikono, kama ilivyo desturi ukitoka kwa wafu, wakaagana.

Jioni, akimwogesha, Ripeka aliona alama kiunoni mwa mtoto. Vidole vitano vya mtu mzima. Aliisugua kwa sabuni. Haikutoka. Ilikuwa baridi kuliko maji.

Moana ana miaka kumi na tisa sasa, mzima wa afya, mcheshi ajabu. Alama haimuumi. Ila kila Machi husogea juu kidogo, na mama yake huipima kwa kiganja.

Mwaka huu imefika shingoni.