Khatib Juu ya Mkarafuu

Mardhiya alikutana na Khatib sokoni Chake Chake, wakati watu wanagombea samaki. Binti kavaa baibui la buluu na kushika kipaza sauti, anauliza maoni ya fainali ya mpira kwa ajili ya televisheni. Kijana kakumbatia mkungu wa ndizi.

"Kaka, nani atafungwa leo?"

"Hao siwajui, bibie. Mie nshafungwa hapa hapa."

Walikuwa hewani. Mardhiya, asiyeishiwa maneno hata kwenye mechi ya suluhu, akaisahau fainali, akamwomba namba ya simu.

Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nnangoja weye uniulize kwanza."

Khatib akaahidi kuwatuma wazee Jumapili wapeleke posa. Kikwazo kilikuwa Mzee Ngwali, baba yake Mardhiya, aliyeapa kuwa hamwozeshi binti yake mwanamume mwoga.

Ijumaa kukawa na mchezo wa ng'ombe Pujini, na Mardhiya ndiye mtangazaji. Zumari likalia, Khatib, ili mzee amwone si mwoga, akaingia uwanjani kwa madaha, kitambaa mkononi, akimringia dume. Dume likainamisha pembe. Kufumba na kufumbua, mchezaji yuko juu ya mkarafuu.

Mardhiya alijua baba yake anatazama. Angeweza kusingizia kuwa jua limemwumiza mchezaji macho. Lakini kazi ni kazi.

"Mpenzi mtazamaji, mchezaji amekimbia. Amekimbia vizuri sana, ila amekimbia."

Khatib hakupokea simu tena. Aliandika tu: "Umeniaibisha, nawe ulijua baba'ko anatazama." Mardhiya alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Alimpenda, na wazee wasipokwenda Jumapili ndiyo basi.

Jumamosi jioni bosi wake akamletea mgeni kipindini: Khatib, kanzu imenyooka, ananukia udi, uso kaukunja.

"Bwana Khatib," Mardhiya aliuliza, "kwa nini ulikimbia?"

"Kwa sababu kesho n'na wazee wanaokwenda kukuposa. Nimenuna, lakini sijawazuia. Maiti haoi, Mardhiya."

Simu ya studio ikalia.

"Mie Ngwali, wa Pujini. Mwambie huyo kijana dume lile ni langu, na mie mwenyewe huwa nnalikimbia. Wazee waje. Ila wapite barabarani, limekata kamba tangu asubuhi."

Khatib akamwinamia Mardhiya. "Na weye wasemaje?"

Mardhiya akazima kipaza sauti, akamjibu. Watazamaji waliona midomo tu, na kofia ya Khatib ikirushwa juu.